Bima ya afya kwa wote: nani amlipie mama ntilie?

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, mjadala umebadilika sura. Ni wachache leo wanaopinga kwamba kila mtu awe na kinga dhidi ya gharama za matibabu. Kinachobishaniwa ni nani atakayelipa, na alipe kwa njia gani. Kwa mwajiriwa jibu ni jepesi, kwa kuwa mshahara wake unapita mahali pamoja na makato yanafanyika kabla haujamfikia. Ugumu uko kwa mama ntilie, dereva wa bodaboda, mvuvi wa dagaa, fundi wa cherehani na mkulima wa mpunga anayeshika fedha mara moja au mbili kwa mwaka. Hao ndio wengi, na hao ndio ambao hadi muswada wa kwanza unafikishwa bungeni mwaka 2022 kwa sehemu kubwa hawakuwa na bima ya aina yoyote, kwani Watanzania wote waliokuwa nayo walikuwa takribani asilimia 15 tu.

Viwango vilivyotajwa wakati huo, yaani shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja, viliibua malalamiko makubwa, na muswada ukarudishwa ukafanyiwe kazi upya. Viwango vinarekebishika. Swali lililo chini yake halirekebishiki kwa kupunguza namba: je, mtu asiye na mshahara atoe mchango wake mwenyewe ndipo apate kadi, au kadi iwe haki yake na kodi za nchi ndizo zimlipie?

Mimi ninaegemea jibu la pili. Hata hivyo wanaotetea mchango wana hoja nzito ambazo watu wa mrengo wangu huzipuuza mno, na ni haki zisikilizwe kwanza.

Hoja yao kubwa ni kwamba fedha ya kodi haina mwenyewe. Ikishaingia Hazina inagombaniwa na barabara, mishahara, madeni na uchaguzi, na wizara ya afya si mara zote hushinda. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwezi Aprili 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Zaidi ya miongo miwili baadaye nchi zilizofika hapo ni chache, na Tanzania na Kenya hazimo. Ghana inatoa mfano unaouma zaidi. Nchi hiyo ilianzisha bima ya taifa mwaka 2003 na kuitengea tozo maalumu ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, tozo ambayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa kabisa ya mapato ya mfuko. Mwaka 2017 ikatungwa sheria ya kuweka ukomo wa fedha zinazopelekwa kwenye mifuko ya aina hiyo, na kwa miaka kadhaa wananchi wakaendelea kulipa tozo ya afya huku sehemu yake ikitumika kwingine. Ukomo huo ulikuja kuondolewa mwaka 2025. Anayesema kwamba mchango wa mwanachama ni salama kuliko ahadi ya Hazina ana ushahidi mkononi.

Hoja ya pili ni ya hadhi. Aliyetoa chake husimama dirishani akidai huduma. Aliyepewa bure huambiwa ashukuru. Sera ya Tanzania inasema watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, lakini wazazi wengi wanajua ilivyo kufika kujifungua na orodha ya vitu vya kununua: glavu, pamba, sindano, kitambaa cha plastiki. Msamaha upo kwenye karatasi, ilhali kituo hakikurudishiwa fedha za huduma kilizozitoa kwa msamaha huo. Bima, wanasema, humlipa mtoa huduma kwa kila mgonjwa, kwa hiyo muuguzi haoni hasara mbele yake anapomwona mtu asiye na kitu.

Halafu wanaitaja Rwanda, na wana haki ya kuitaja. Mfuko wa Mutuelle de Santé umewafikia zaidi ya asilimia 80 ya watu wa nchi ambayo wengi wao ni wakulima wadogo, jambo ambalo hakuna jirani yake yeyote aliyelikaribia kwa njia ya michango. Lakini ukiitazama kwa karibu unaona mambo mawili ambayo hayasafirishwi kirahisi. La kwanza ni kwamba kaya zilipangwa kwa madaraja ya uwezo yaitwayo Ubudehe, na waliokuwa daraja la chini kabisa walilipiwa na serikali, kwa muda mrefu ikisaidiwa na wafadhili. La pili ni imihigo, mikataba ya utendaji ambayo viongozi wa wilaya hupimwa kwayo, na idadi ya waliojiunga na mutuelle ikawa miongoni mwa vipimo. Kwa maneno mengine, mchango wa Rwanda si wa hiari kwa maana tunayoizoea. Nyuma yake kuna dola inayofika hadi mlango wa kila kaya. Mwenyekiti wa mtaa wa Mbagala au Mabatini hana nguvu hizo, na sidhani kama tungependa apewe.

Kenya ndiko tunakoweza kuona jaribio likiendelea mbele ya macho yetu. Mwezi Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, uliachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kila mwajiriwa akaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi bila kikomo cha juu. Asiye na mshahara naye atozwe asilimia hiyo hiyo ya kipato cha kaya yake, si chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na alipe za mwaka mzima kwa mkupuo. Ila kipato chenyewe hakijulikani. Ikabidi kibuniwe kwa dodoso: nyumba yako ina paa la nini, sakafu ya nini, choo cha aina gani, unapikia nini, una mifugo mingapi. Majibu yanaingizwa kwenye mfumo, mfumo unatoa kiasi. Hapo ndipo mjane aliyejengewa nyumba ya bati na mwanawe aliye mjini anaweza kuonekana ana uwezo kuliko mfanyabiashara anayepanga chumba kimoja. Kufikia katikati ya 2025 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 20, lakini katika wale wasio na ajira rasmi waliokuwa wakilipa kweli walikuwa sehemu ndogo. Mwaka huo serikali ikaanzisha mkopo wa kulipia mchango uliopewa jina la Lipa SHA Pole Pole, kisha ikatangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza.

Sisemi haya kwa kuicheka Kenya. Imejaribu jambo gumu kwa uzito unaostahili, na kuondoa ukomo kwa wenye mishahara minono ni hatua ya haki ambayo Tanzania ingefaa kuitafakari. Ninachosema ni kwamba mkopo wa kulipia bima ni ishara kuwa kitu kimekwama. Mtu akikopeshwa ili aingie kwenye hifadhi ya jamii, hifadhi yenyewe imekuwa deni jingine juu ya lile la mwenye nyumba na la kikoba.

Tanzania nayo ina funzo lake, na si la zamani. Toto Afya Kadi iliwawezesha wazazi kumwandikisha mtoto kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ilipendwa sana. Tatizo ni kwamba wengi waliokuja kuandikisha walikuja na mtoto ambaye tayari alikuwa na selimundu, ugonjwa wa moyo au maradhi mengine ya kudumu, na fedha zilizolipwa hospitalini zikazidi mara kadhaa zile zilizokusanywa. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa kwenye shule au vifurushi vya familia. Baadhi ya watu waliwalaumu wazazi kwa ujanja. Mimi siuoni ujanja wowote kwa mzazi mwenye 50,400 moja tu anayeamua kuitumia kwa mtoto anayeumwa badala ya yule mzima. Ni hesabu ambayo yeyote kati yetu angeipiga. Bima ya hiari huvuta wagonjwa na kuwaacha wazima nje, na hakuna tangazo la redio linaloweza kubadilisha hilo. Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulianza kama majaribio Igunga mwaka 1996, ulipitia maboresho kadhaa na mchango wake ukawekwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita mikoani, na bado kaya nyingi hazikujiunga au hazikurudi mwaka uliofuata.

Kutorudi huko kuna sababu inayoonekana kwa macho. Mgonjwa mwenye kadi anafika zahanati, anapokelewa, anapimwa, anaandikiwa dawa. Kisha dirishani anaambiwa dawa hizo hazipo, akanunue duka la nje. Anavuka barabara na kulipa fedha taslimu, sawa na jirani yake asiye na kadi. Mwaka unaofuata ukimtaka alipe tena, unamwomba alipie mara mbili. Ndiyo maana ninaona tunapoteza muda tukijadili elimu kwa umma kabla ya kujadili deni la Bohari ya Dawa, inayosambaza dawa kwenye vituo vya umma.

Thailand ilifikia njia panda kama hii. Ilikuwa na kadi ya afya ya hiari kwa watu wasioajiriwa, ikaona wanaojiunga ni wagonjwa na kukusanya mchango ni gharama kubwa. Mwaka 2002 ikaamua kuwaingiza wote waliobaki katika mpango mmoja unaolipiwa na kodi za jumla, mgonjwa akichangia baht 30 kwa kila ziara. Leo mpango huo unahudumia takribani watu milioni 47. Waliofanikisha hawakutegemea kodi peke yake: walikuwa wametumia miaka mingi kujenga hospitali za wilaya na kuwalazimu madaktari wapya kufanya kazi vijijini.

Hapo ndipo Uganda inapoingia, na inaingia dhidi ya upande wangu. Mwezi Machi 2001 serikali ya Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma. Watu walimiminika, hasa maskini, na idadi ya ziara ikapanda sana. Hilo ni jema lisilopingika. Lakini dawa ziliisha mapema kuliko zamani, wagonjwa wakaishia kwenye maduka na zahanati binafsi, na gharama kutoka mfukoni hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Kuondoa malipo mlangoni bila kuweka fedha nyuma ya mlango kunamhamishia mgonjwa mzigo ule ule kwa jina jingine.

Kwa hiyo tofauti kati ya pande mbili ni ndogo kuliko inavyosikika kwenye mikutano. Wote tunahitaji mfuko unaomlipa mtoa huduma kwa wakati na ambao Hazina haiwezi kuuchota. Tunatofautiana juu ya chanzo. Mchango wa bei moja humwumiza mama ntilie anayebaki na elfu chache kwa siku kuliko mwenye duka la jumla. Kodi ya soda, pombe, vipodozi au michezo ya kubahatisha, ambazo zimo katika vyanzo vinavyotajwa na sheria yetu kwa ajili ya wasio na uwezo, nazo zinamgusa maskini, ila kwa kiasi cha anachonunua, na hukusanywa kiwandani au kwa wachache badala ya kufukuzia mamilioni ya kaya. Karani anayezunguka kudai 30,000 naye ana posho na usafiri, na gharama hizo lazima zitoke katika 30,000 hiyo hiyo.

Jambo linalobaki gumu ni mstari. Sheria inawalipia wasio na uwezo, na kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ni mahali pa kawaida pa kuanzia. Juu yao kuna tabaka kubwa ambalo si maskini wa kutupwa wala si la kukatwa mshahara: mwenye bodaboda anayelipa mkataba, mkulima ambaye msimu huu mvua ilimpa na uliopita ilimnyima. Huyu akiwekwa kundi la wenye uwezo hatalipa, na siku akivunjika mguu atauza pikipiki. Kama serikali haiko tayari kumlipia yote, ingeweza angalau kuanza na huduma za zahanati na kituo cha afya kwa kila mtu bila kuuliza kadi, kama Kenya inavyokusudia kupitia mfuko wake wa huduma za msingi, na kuacha mchango uhusu hospitali za juu tu. Kanuni za kumtambua asiye na uwezo, pamoja na kiasi kilichokusanywa kutoka katika kila chanzo na kilichofika kweli kwenye mfuko, zitangazwe kila robo mwaka, wilaya kwa wilaya, ili mwananchi wa Igunga aweze kuuliza swali lake akiwa na namba mkononi.