Aibu iliyotunzwa kwenye boksi

Mwaka wa nane huu niko Minneapolis, na kati ya yote niliyoyaona huku, kilichonikalisha kitako ni boksi la makaratasi. Chini ya maktaba ya Andersen, Chuo Kikuu cha Minnesota, wamechimba mapango kwenye mwamba wa kando ya mto Mississippi, na humo wanatunza, pamoja na mengine, historia ya wapenzi wa jinsia moja. Unaacha begi nje, unaingia na penseli, unaketi kimya kama mtahiniwa wa KCPE, ule mtihani wetu wa zamani wa darasa la nane.

Nilitaka kujua habari za Michael McConnell. Mwaka 1970 chuo hicho kilimpa kazi ya ukutubi. Mwezi Mei akaenda na mpenzi wake, Jack Baker, kuomba cheti cha ndoa, na kazi ikayeyuka: wakuu wa chuo walikataa kumwajiri. Akashtaki, rufaa ikamwangusha. Mwaka uliofuata wanafunzi wakamchagua huyo huyo Baker kuwa rais wao. Bango lake la kampeni linamwonyesha amevaa jinzi na viatu vya kike vya kisigino kirefu. Nililitazama nikacheka peke yangu. Mwaka 2012 chuo kikaomba radhi.

Wazungu hawa si malaika, msinielewe vibaya. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hajui jina langu, na nikifiwa hapa hakuna atakayefunga turubai wala kubandika sufuria ya chai. Lakini walipokosea waliandika, na walichoandika hawakukichoma.

Sisi je? Chuo nilichosoma nyumbani Kenya, kijana wa chumba cha tatu kutoka changu alituhumiwa kuwa shoga. Usiku mmoja makomredi, wanafunzi wenzetu, walirusha godoro lake dirishani, likaangukia matopeni, na mvua ikalinyeshea mpaka asubuhi. Jumatatu kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Hakuna barua, hakuna kikao. Ukienda kuuliza leo utaambiwa aliacha masomo kwa hiari yake.

Na tusisingizie kwamba mambo haya ni ya ng'ambo. Mwandishi Binyavanga Wainaina ni mtoto wetu wa Nakuru, amesoma Moi Primary pale pale mjini. Tarehe 18 Januari 2014, akitimiza miaka 43, aliandika waziwazi kwamba yeye ni shoga. Alifariki 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kuvifuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, vile alivyotuachia Mwingereza, kimojawapo kikiwa na kifungo cha miaka 14. Chuo chochote cha kwetu kikitaka kufungua boksi la kwanza, kianze na Binyavanga.

Nilimsimulia dada yangu haya kwa simu. Yuko mtaa wa Section 58, Nakuru, anauza nguo. Akaguna. "Wewe kaka, umeenda Marekani kutafuta pesa au kusoma mambo ya mashoga?" Tukacheka, tukahamia bei ya unga.

Saa moja baadaye akanitumia ujumbe: "Na yule wa godoro, alikuwa anaitwa nani?"

Nilikaa na simu mkononi. Najua jina lake la kwanza tu.