Miaka 30 ya kukimbiza motokari bila taji: amepoteza ao?

Hapa Lubumbashi mtu akisikia michezo anafikiri paka Mazembe, na Mazembe imetuzoesha vibaya, Ligi ya Mabingwa mara 5, finali ya dunia 2010 na Inter, sasa kila mwanamichezo tunampima kwa makombe. Njo maana pale kwa mafundi wa Katuba ubishi ulikuwa mkali juu ya wale watu wa mbio za turing huko Ulaya na Australia, zile za magari ya kawaida yaliyotengenezwa upya kwa mashindano. Mtu ana garaji yake ndogo, wikendi anakimbia kwenye viwanja vya jimbo lake, gari lake, pneu zake, esansi yake, miaka 25, 30, kisha anaacha bila taji kubwa hata moja. Mmoja akasema huyo amechoma nyumba ya watoto wake. Mwingine akasema hapana, huyo njo mwanamichezo wa kweli juu hakuna anayemlipa.

Mimi naona wote wawili wameruka kitu: sheria ya mashindano njo inaamua kama mtu wa namna hiyo anaweza kupata kombe ao hapana.

Angalia Uingereza. Ubingwa wao wa turing upo tangu 1958, na kwa miaka mingi magari yaligawanywa kwa ukubwa wa moteri, pointi unazipata ndani ya daraja lako. Basi Richard Longman akawa bingwa wa nchi nzima 1978 na 1979 na Mini! Chris Hodgetts naye 1986 na 1987 na Toyota Corolla, ndiyo, Corolla hiihii ya jina unayoijua, huku magari ya moteri kubwa yanamwacha mbali kwenye njia nyoofu. Unaweza kuuliza, bingwa gani huyo ambaye wengine wanafika mbele yake? Swali lina haki yake, mtazamaji amelipa tiketi aone nani ana mbio kuliko wote. Ila mwenye pesa kidogo alikuwa na mlango.

1991 mlango ukafungwa. Madaraja yakaondolewa, wote lita 2, makampuni yakamwaga pesa. Mbio zilikuwa tamu, siwezi kukataa, lakini mtu binafsi akabaki wa kujaza mstari. Ilifika mahali bosi wa mashindano, Alan Gow, akaahidi pauni 250,000 kwa mtu wa kwanza asiye wa kiwanda atakayeshinda mbio, na ni Matt Neal njo alizichukua, Donington Park 1999, na Nissan Primera ya timu ambayo baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi. Halafu nini? 2000 viwanda vikabaki 3, Ford, Honda na Vauxhall, gharama zimewashinda wengine, na mwaka huohuo wakaweka tena daraja la pili la magari ya bei nafuu ili mstari ujae. Kumbe wale waliodharauliwa bado walikuwa na kazi. Kiwanda kinaondoka siku mkutano mmoja wa wakubwa ukiamua, ila mwenye garaji yake haondoki.

Sasa upande wa bibi ya huyo mwenye garaji, anayeona pesa ikitoka nyumbani, ambao wanaume pale Katuba waliupita haraka sana. Pneu za mashindano ni laini, kazi yake ni kushika njia, na kila zinapopata moto mkali kisha zikapoa, mpira unazidi kukauka. Asiye na pesa ananunua za okazyo walizotoa matajiri, ukizitazama bado zina nyama, kumbe zimeshaiva, gari linateleza na yeye anasema ni suspensyo. Anapoteza sekunde, anataka kurudisha sekunde, ananunua kitu kingine tena. Hiyo pesa haina mwisho. Na kwado, yule fundi wa pneu, hatakuambia ukweli kama biashara yake ni hiyohiyo.

Watetezi wa mtu wa namna hiyo wanapenda kutaja Dick Johnson, dereva wa Queensland huko Australia. Kwenye mbio za Bathurst za 1980 alikuwa anaongoza na Ford Falcon yake, akagonga jiwe kubwa lililokuwa njiani, gari likaisha, akasema kwenye televisheni, machozi karibu, kwamba hana pesa ya kujenga lingine. Watazamaji wakaanza kupiga simu na kuchanga, Ford Australia ikaongeza kiasi kilekile watu walichotoa, na 1981 akachukua ubingwa wa nchi pamoja na Bathurst yenyewe. Habari tamu, lakini haisaidii hoja yao. Johnson alikuwa anaongoza mbio kubwa kuliko zote nchini mwake na kamera ziko usoni. Yule wa jimbo akigonga jiwe kwenye mbio za watazamaji mia mbili, anakokota gari mpaka nyumbani na deni ni lake.

Kwa hiyo mimi simhesabii makombe. Kama mashindano yana daraja lake na anakimbia na pesa iliyobaki kisha kulipa kodi ya nyumba na minervali (pesa ya shule) ya watoto, hata miaka 40 sina neno naye, na vijana waliojifunza kufungua moteri mkononi mwake ni faida. Kama ameweka parseli (kiwanja) ya familia rehani juu ya moteri mpya, tena kwenye mashindano ambayo sheria yake haimpi nafasi hata ya tano, hapo niko na bibi yake, gari liuzwe.