Namba ya simu sio namba, na ya NIDA ndo kabisa

Wiki nzima nilikuwa nahangaika na mfumo wa duka moja la jumla, mwenye duka analalamika wateja wapya hawapati meseji za oda, nikiangalia kodi ya programu iko sawa, salio la meseji lipo, sava inajibu fresh tu. Siku ya nne nikafungua databesi nikachungulia jedwali la wateja, nikaishiwa nguvu. 2147483647. Mstari wa chini yake 2147483647. Unaofuata hivyo hivyo, wateja kibao, wote namba moja ya simu.

Hiyo ndo namba kubwa kuliko zote ambayo kolamu ya INT, yani aina ya data ya namba nzima, inabeba. Zamani watu walikuwa wanajaza 07, databesi inameza ile sifuri ya mbele, kodi ikitaka kutuma meseji inabandika 255, maisha yanaenda. Halafu mtu akabadilisha fomu isevu na 255 kabisa, ikawa tarakimu 12, INT haiwezi, na MySQL, programu ya databesi ya pale, hali kali (strict mode, inayogomea data isiyoenea) ilikuwa imezimwa, kwahiyo badala ya kugoma ikaibana ile namba mpaka mwisho wa uwezo wake ikasevu, na onyo ikatoa, ila nani anasoma maonyo?

Sasa wengi wakikutana na hii wanakimbilia kwenye kodi, geuza stringi (maandishi) hapa, geuza int pale. Mimi nakataa kabisa. Rekebisha kolamu! Kitu ambacho huwezi kukijumlisha sio namba hata kama kimejaa tarakimu, na hakuna mtu anayejumlisha simu ya mama na simu ya shangazi. Weka VARCHAR, aina ya maandishi.

NIDA ndo balaa zaidi. Hiyo namba ya kitambulisho cha taifa Tanzania ni tarakimu 20, na mwanzo ni mwaka wa kuzaliwa. BIGINT (INT iliyo kubwa) ya kawaida inaishia tarakimu 19, ukiitoa alama ya hasi inafika 18446744073709551615, maana yake anayeenea humo ni aliyezaliwa 1844 kurudi nyuma. Na hata databesi ikiwa sawa, lugha ya programu ya JavaScript ikiipokea kama namba inaharibu tarakimu za mwisho kimya kimya, kwasababu ikishapita 9007199254740991 haina uhakika tena. Hupati eror, unapata NIDA ya mtu mwingine.

Na kinyume chake kipo pia, kolamu ni VARCHAR ila kodi inatuma namba tupu bila alama za kunukuu, MySQL inaanza kugeuza mstari mmoja mmoja ili ilinganishe, indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka, haitumiki. Wateja 200 huoni kitu, wakifika laki mbili ukurasa unazunguka tu.

Siku hizi kabla sijasoma kodi natazama aina ya data pande zote mbili, SHOW CREATE TABLE kwenye MySQL, typeof kwenye JavaScript, mstari mmoja kabla ya kwery (ombi kwa databesi) kuondoka. Na hali kali nawasha. Tangu MySQL 5.7 ya 2015 inakuja imewashwa yenyewe, watu wanaizima eti mfumo wa zamani unapiga kelele, jamani, ziacheni hizo kelele zipigwe.

Pale dukani tulikaa na daftari la madeni siku mbili, karani anasoma namba mimi naandika. Wateja waliokuwa wanalipa keshi hawakuwemo humo, namba zao hatujazipata mpaka leo.