Kipimo cha umakini kinapima nini hasa?

Andika neno "nyekundu" kwa wino wa buluu, kisha mwombe mtu aitaje rangi ya wino bila kulisoma neno lenyewe. Atasita. Wengine hutamka "nyekundu" kabla hawajajirekebisha, na hata anayepatia huchelewa kidogo. Jaribio hili, lililochapishwa na J. Ridley Stroop mwaka 1935, bado ni kipimo mashuhuri cha umakini wa kuchagua, yaani uwezo wa kushika jambo moja na kuyaacha mengine yapite. (Mtoto asiyejua kusoma hababaiki hata kidogo, kinachotukwaza ni ujuzi wetu wenyewe.)

Wanaokitetea wana hoja nzito, kwa kuwa ni chepesi kutumia na kucheleweshwa huko hujitokeza karibu kwa kila anayejua kusoma. Lakini uimara huo huo ndio udhaifu wake pale tunapotaka kumpanga mtu mmoja juu ya mwingine. Mwaka 2018 Craig Hedge na wenzake waliwapima watu wale wale mara mbili, kwa kupishana wiki tatu, wakaonyesha kwamba kipimo ambacho karibu kila mtu hukwama nacho kwa namna moja hakiachi tofauti ya kutosha ya kuwatenganisha watu kwa uhakika. Kwa hiyo mwajiri anayetaka kumkataa dereva kwa alama za namna hii anakibebesha kipimo mzigo usio wake.

Kuhusu mazoezi ya kuongeza umakini, mvutano ni mkali zaidi. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier waliripoti kwamba watu wasio wachezaji, wakicheza mchezo wa vita wa kompyuta saa moja kwa siku kwa siku 10, waliboresha umakini wao wa kuona. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake wakawafuatilia watu zaidi ya 11,000 kwa wiki sita za mazoezi ya ubongo mtandaoni: walizidi kuwa hodari katika michezo waliyoizoea, lakini ustadi huo haukuhamia kwenye kazi nyingine, hata zile zilizofanana nayo. Ninaegemea upande wa pili, ingawa michezo ya kasi haifanani na mafumbo ya kwenye skrini na haistahili kutupwa kapu moja nayo.

Kuna swali ambalo pande zote mbili hulipita haraka: je, kutosikia mengine ni sifa daima? Mwaka 2001 Andrew Conway na wenzake waliwasomea watu maneno kwenye sikio moja huku jina la msikilizaji likipenyezwa kwenye sikio la pili lililopaswa kupuuzwa. Kati ya wenye uwezo mdogo wa kushika mambo akilini, asilimia 65 walilisikia jina lao; kati ya wenye uwezo mkubwa, asilimia 20 tu. Kwenye maabara, aliyesikia ameshindwa kuchuja. Kwa mama anayechambua mchele huku mtoto yuko uani karibu na jiko la mkaa, sikio linalovuja namna hiyo ndilo analolihitaji.