Mbwa anayekutazama hajashindwa

Ukipita mitaa ya Njiro au Sakina hapa Arusha, vibao vya "Mbwa Mkali" haviishi. Nyuma ya mageti mengi kati ya hayo kuna mbwa aliyefungiwa bandani tangu alfajiri hadi giza liingie. Jikoni, paka wa nyumba hiyohiyo anazunguka atakavyo, anafungua kabati, anachomoa dagaa. Halafu wenye nyumba wanatoa hukumu: paka ana akili, mbwa kazi yake kubweka. Hukumu hiyo naipinga. Mmoja amepewa nyumba nzima ya kujifunzia, mwingine kapewa mita mbili za mbao na mabati.

Tuanze na kabati, maana ndiyo hoja kubwa ya watu wa paka. Tazama mguu wa mbele wa paka unavyofanya kazi: unageuka kuelekea ndani, kucha zinatoka zinapohitajika, zinang'ang'ania ukingo wa mlango na kuvuta. Kucha za mbwa ziko nje muda wote, butu, na mguu wake umeumbwa kukimbia, kwenda mbele na kurudi nyuma. Kilichobaki kwake ni pua na meno. Kwa hiyo kabati linapima kiungo kabla ya kupima ubongo.

Na hata paka anapofungua, haimaanishi ameelewa. Mwaka 1898, huko New York, mwanasaikolojia Edward Thorndike alieleza jinsi alivyowafungia paka wenye njaa kwenye visanduku vyenye komeo na vitanzi vya kamba, chakula kikiwa nje. Walikwaruza na kuuma kila mahali mpaka wakagusa penyewe kwa bahati. Kila waliporudishwa muda ulipungua, lakini polepole. Mbwa aliowajaribu nao walijifunza kwa njia hiyohiyo.

Kamba zinawaumbua wote wawili. Funga kipande cha nyama kwenye kamba chini ya wavu, mnyama ataivuta. Weka kamba mbili zilizopishana, moja ikiwa tupu, na mambo yanaharibika: katika majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa mwaka 2005, mbwa walivuta kamba iliyo karibu zaidi na chakula, si ile iliyofungwa chakula. Paka walijaribiwa mwaka 2009. Kamba moja waliivuta vizuri, lakini zilipokuwa mbili, hata zikiwa sambamba tu, hakuna aliyechagua sahihi kwa uhakika.

Mbwa anaanza kumwacha mwenzake kwenye kumbukumbu ya kitu kilichofichwa. Katika majaribio ya aina hiyo, mbwa wameweza kukumbuka mahali hata baada ya dakika nne. Kwa paka kumbukumbu hiyo hushuka haraka ndani ya nusu dakika.

Lakini hoja yangu iko kwenye macho. Watafiti wa Budapest, Hungaria, walichapisha mwaka 2003 jaribio la mbwa na mbwa mwitu wa Ulaya (si wale wa Serengeti) waliolelewa na watu. Wote walizoeshwa kupata chakula kwa njia fulani, kisha njia ikazibwa. Mbwa mwitu waliendelea kuhangaika wenyewe. Mbwa wa nyumbani walimgeukia mtu mapema na kumtazama kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2005 mbwa wa nyumbani wakalinganishwa na paka: kufuata kidole kinachoonyesha chakula, wote waliweza, kumgeukia mtu mambo yanapokwama, mbwa alizidi. Wengi husema huko ni kukata tamaa. Mimi nasema ndiyo akili ya nyumbani. Geti limefungwa kwa kufuli, ufunguo unao wewe. Mwenye kukwaruza chuma saa nzima na mwenye kukufuata wewe, nani amelielewa tatizo?

Ukitaka kuona mwenyewe, chukua kopo la plastiki la lita moja lenye mfuniko. Toboa matundu sita kwa msumari wa moto ili harufu itoke. Tia kipande cha mapupu yaliyochemshwa, ukubwa wa kidole gumba. Kwa paka, dagaa watano. Mara tatu mwache ale kopo likiwa wazi. Mara tatu nyingine laza mfuniko juu bila kuubana. Kisha ubane kabisa, rudi nyuma hatua mbili, hesabu dakika mbili. Andika sekunde alizohangaika kabla ya kukutazama.

Jaribio huharibika kwa mambo ya kawaida. Mnyama aliyeshiba hatajisumbua, hivyo fanya kabla ya mlo wa jioni. Paka usimhamishe chumba, kwani mahali pageni hujikunyata na utadhani ni mjinga. Mbwa wawili pamoja watagombea kopo. Na wewe usiliangalie kopo wala kunyoosha mkono, maana mbwa anakusoma mwili, na utakuwa umempa jibu.

Mbwa wa bandani huenda asikutazame kabisa. Si mjinga. Kipindi cha mtoto wa mbwa kuzoea watu ni kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, na wengi wetu tunamfungia humohumo tukitaka awe mkali. Paka dirisha lake ni fupi zaidi, wiki ya pili hadi ya saba, lakini kwa kuwa huzaliwa stoo au chini ya kitanda, analipitia akiwa katikati ya watu bila mtu kupanga.

Kama una mtoto wa mbwa sasa hivi, mtoe nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mlishe sehemu ya chakula kwa mkono, mwite jina kabla ya kumpa, mwache aone watoto, bodaboda, mama wa mboga akigonga geti. Kumbuka chanjo ya kichaa cha mbwa. Bwana mifugo atakupa tarehe. Akifikisha miezi sita, mletee lile kopo uone anageuzia wapi kichwa.