Matetemeko madogo hayapunguzi kubwa

Juzi redioni, baada ya habari ya mtikisiko mdogo, mgeni wa kipindi aliwatuliza wasikilizaji kwa maneno ninayoyasikia tangu Bukoba ilipotikisika mwaka 2016: msiogope, haya madogo ni neema, ardhi inatoa presha kidogo kidogo ili kubwa lisije. Mtangazaji akashukuru, muziki ukapigwa. Hasira yangu haijaisha, kwa sababu kuna watu watalala usingizi mzito chini ya ukuta mbovu kwa ajili ya kauli hiyo.

Hesabu yake ipo na haihitaji shahada. Mwaka 1944 wanasayansi wa matetemeko Beno Gutenberg na Charles Richter, wakitumia takwimu za California, walionyesha jambo ambalo limekuja kuonekana dunia nzima: kila ukishuka ngazi moja ya ukubwa, idadi ya matetemeko huongezeka kama mara kumi. Penye tetemeko moja la ukubwa wa 7 tarajia kama mia ya 5 na elfu kumi ya 3. Ukiishia hapo utadhani madogo, kwa wingi wao, yamebeba mzigo wote. Lakini nguvu nayo ina hesabu yake: kila ngazi unayopanda, huongezeka kama mara 32. La 7 moja ni sawa na elfu moja ya 5, au milioni moja ya 3. Sasa rudi kwenye idadi. Yale mia ya 5 yote kwa pamoja yanatoa sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ya lile la 7. Yale elfu kumi ya 3 yanatoa sehemu moja ya mia. Anayedaiwa milioni akilipa elfu kumi, bado anadaiwa.

Na hili halitokei kwa bahati. Nyufa za ardhini zinafanana ndogo kwa kubwa. Piga picha ufa kwenye jabali na hutajua kama una urefu wa kiganja au wa kilima, ndiyo maana wanajiolojia huweka nyundo pembeni kabla ya kupiga picha. Tetemeko ni ufa unaoteleza; likianza, hakuna anayeweza kusema litaishia wapi.

Uwiano wa madogo kwa makubwa hubadilika kidogo kulingana na mahali. Kwenye volkano madogo huzidi. Japani na Sumatra, ambako bamba moja la ganda la dunia linazama chini ya jingine, makubwa hupata nafasi zaidi, hata kufika 9. Kwetu Bonde la Ufa linatanuka, na la 9 hatulitarajii. Nakubali. Lakini Rukwa mwaka 1910 ilipata la 7.4, lenye nguvu zaidi ya mara 150 ya lile la 5.9 la mwaka 2016 lililoangusha nyumba za Bukoba na Kagera na kuua watu zaidi ya 15. Leo bonde lile la Rukwa lina watu wengi mno kuliko enzi za Wajerumani.

Julai 2007, karibu na Ziwa Natron, ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo, kisha tarehe 17 likaja la 5.9 na watu wa Nairobi wakakimbia kutoka maofisini. Madogo yalitangulia, kubwa likafuata. Na huko L'Aquila, Italia, mwaka 2009, afisa wa ulinzi wa raia aliwaambia wananchi maneno yale yale ya mgeni wetu, kwamba mitikisiko inapunguza nguvu na hali ni nzuri. Wapo waliozoea kulala nje kila nyumba inapotikisika, safari hii wakabaki ndani. Aprili 6, alfajiri, likaja la 6.3. Walikufa watu 309.

Sikatai kwamba hofu nayo inaumiza, na kwamba mara nyingi mtikisiko mdogo haufuatwi na kitu. California takwimu zinaonyesha ni kama mara tano tu kati ya mia ndipo linakuja kubwa zaidi ndani ya siku chache. Basi semeni hivyo! Semeni pia kwamba mitikisiko inayofuata baada ya tetemeko hupungua kwa kanuni ya Mjapani Fusakichi Omori ya mwaka 1894: idadi ya siku ya kumi ni kama sehemu ya kumi ya siku ya kwanza. Huo ndio utulivu wenye ukweli.

Bukoba niliona nyumba nyingi zilizobaki zimesimama bila ile pembetatu ya ukuta chini ya bati. Matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, hakuna lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, hakuna nondo hata moja, na pembetatu yote imelala juu ya kitanda cha chumba cha mwisho. Ardhi ya Kagera hatuwezi kuibana. Lenta tunaweza kuimwaga. Kipindi kijacho naomba redio ile imwite fundi mwashi, aeleze mkanda wa zege unafungwaje kuzunguka nyumba ya vyumba vitatu na unagharimu kiasi gani.