Roboti ya mtoto ijengwe na mtoto

Ukipita kwenye meza za mashindano ya roboti za watoto, haichukui muda kujua nani amejenga nini. Kuna roboti iliyonyooka, nyaya zimelala vizuri, na ukimuuliza mtoto kwa nini gia ndogo ndiyo inayoendesha kubwa, anamtazama kocha wake. Kuna nyingine ina mkono uliokaa upande, imeungwaungwa kwa vipande vya kila rangi, na mwenyewe anakusimulia bila kuulizwa: mkono wa kwanza ulivunjika, wa pili ulikuwa mzito ukaiinamisha roboti, huu ni wa tatu.

Mimi niko upande wa hii ya pili, hata ikishika mkia. Wazazi na walimu wengi wanawaletea watoto seti hizi za kujengea roboti kwa nia njema kabisa, halafu wanawanyang'anya sehemu yenye faida, yaani kukwama na kujikwamua.

Chukua zoezi dogo ambalo kila timu hulipitia: roboti iende mbele, isimame kwenye mstari, igeuke kulia. Mtoto anaipa amri ya kwenda kwa sekunde tatu. Inasimama pale pale alipotaka. Shangwe. Siku inayofuata betri imechajiwa, roboti inapitiliza mstari na kugonga ukuta, na programu haijaguswa. Hapo ndipo somo linapoanza. Atapunguza sekunde, itakubali, kesho itakataa tena. Baada ya kuhangaika atagundua kwamba kasi ya mota hubadilika na nguvu ya betri, kwa hiyo muda si kipimo cha umbali. Ahesabu mizunguko ya tairi. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 5.6 likizunguka mara moja linasogea takriban sentimita 17.6, kwa hiyo sentimita 88 ni mizunguko mitano. Ile pai (3.14, inayozidishwa na kipenyo) aliyoikariri darasani bila kujua ya nini, sasa anaihitaji leo hii, kabla ya zamu yake mezani kwisha.

Na bado hajamaliza. Tairi likiteleza, mizunguko nayo inadanganya. Roboti ikivuta kushoto, huenda ekseli imelegea, au uzito wote umeegemea upande mmoja. Atabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, ipone, asijue kilichoiponya ni kipi. Akirudia mara kadhaa atajifunza kubadilisha kimoja, kujaribu, kuandika matokeo, ndipo aguse kingine. Mtu mzima anayenyoosha mkono na kukaza ile ekseli ameitengeneza roboti kwa nusu dakika na kumkatia mtoto mchana mzima wa kufikiri.

Wazo hili si geni. Seymour Papert wa chuo cha MIT, Marekani, aliyeshiriki kuunda Logo, lugha ya programu kwa watoto, mwaka 1967, alitaka mtoto ndiye aiamuru kompyuta, badala ya kompyuta kumwamuru mtoto. Seti za roboti za LEGO Mindstorms zilizotoka mwaka 1998 zilikua kutokana na fikra hizo. Ukimkalisha mtoto afuate picha za maelekezo ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, kisha ukaiweka roboti kabatini, umebaki na kisanduku bila wazo lililokizaa. Maelekezo yafuatwe mara ya kwanza ili vidole vizoee. Baada ya hapo yafichwe.

Mashindano yenyewe, yakifuatwa yalivyokusudiwa, yanatuunga mkono. Katika FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti za watoto, roboti hupewa dakika mbili na nusu mezani na hujiendesha yenyewe, hakuna rimoti. Lakini alama za mezani si kila kitu: waamuzi huwauliza watoto jinsi walivyoibuni roboti, huangalia mradi wao wa utafiti, na hutazama jinsi wanavyofanya kazi pamoja. Katika World Robot Olympiad, iliyoanza mwaka 2004, timu za kitengo cha RoboMission hutangaziwa kanuni ya ghafla siku yenyewe ya mashindano. Timu ambayo programu yake iliandikwa na mtu mzima hapo haina pa kushika.

Jambo lingine linaniuma, na nitalisema wazi. Angalia nani anashika nini ndani ya timu. Mara nyingi mvulana mwenye sauti kubwa anakaa na kompyuta tangu siku ya kwanza, na msichana anapewa bango apambe, au daftari aandike kumbukumbu, kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Msimu unaisha hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Hili halijirekebishi lenyewe. Zamu zipangwe na zifuatwe: aliyeprogramu wiki hii ajenge wiki ijayo, hata kama kazi itachelewa, na itachelewa kweli.

Shule isiyo na seti rasmi isisubiri. Mota mbili, kifaa cha kuendeshea mota, betri, kadibodi na bodi ndogo ya kompyuta kama micro:bit vinatosha kuanza, na mchezo unaweza kuchorwa sakafuni kwa utepe mweusi.

Kwa anayelea timu msimu huu, maswali mawili yanatosha kazi kubwa: ulitaka ifanye nini, na imefanya nini? Uliza, kisha weka mikono mgongoni usubiri, hata ukimya ukiwa mrefu. Nanyi waandaaji, ongezeni muda wa waamuzi kuzungumza na watoto, makocha wakiwa mbali, na mtoto apewe nafasi ya kuivunja roboti yake na kuiunga tena mbele yao.